Punda Aliyemkataa Mzee Musyimi

Kalamba nzima walijua kwamba ukiwa na punda mchanga asiyetaka kazi, humpeleki kwa daktari wala kwa mchungaji. Unampeleka kwa Kanyiva. Daktari wa mifugo alikuwa mmoja kwa eneo kubwa, na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, walikuwa wakimmalizia muda. Mchungaji naye angemwombea mwenye punda. Kanyiva aliipokea kamba, akamzunguka mnyama mara mbili bila kusema kitu, kisha akamwambia mwenyewe arudi kwake, asije kuchungulia chungulia. Baada ya siku tatu au nne alitoa neno moja kati ya mawili: maumivu, au tabia.

Punda wa maumivu alirudi nyumbani na masharti yake: apumzishwe, kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi, gunia la mgongoni libadilishwe. Punda wa tabia aliuzwa, maana hakuna boma Ukambani lenye majani ya kumlisha punda asiyeleta maji. Mnunuzi alikuwa Mwangangi, broka mwenye lori dogo la bluu lililokuja sokoni kila Alhamisi. Punda aliyepanda lori lile hakuonekana tena akibeba mtungi wa mtu yeyote. Ngozi ilienda njia yake na nyama njia yake. Watu walijua, ila hawakupenda kuliongea, hasa wakiwa wanakula.

Kanyiva alikuwa na miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye viganja vipana kama vya mchimba kisima. Alizaliwa kule juu Kilungu, ambako baba yake alikuwa na punda wawili wa kushusha machungwa hadi barabara ya Mombasa. Nyumba ile haikuwa na mvulana, kwa hiyo fimbo ilimwangukia yeye, binti wa tatu, na hakuirudisha. Alipoolewa Kalamba na Muindi, fundi wa baiskeli, mama mkwe alilalamika kwamba ameletewa bibi harusi anayejua kupunguza kwato lakini hawezi kusuka kiondo. Malalamiko yale yalidumu miaka miwili, mpaka punda wa mama mkwe mwenyewe akaanza kuchechemea. Kanyiva alimchomoa msumari ndani ya ukwato kabla chai haijachemka. Tangu siku hiyo viondo vikanunuliwa sokoni.

Sheria zake hakuziandika popote, na nyingi zilikuwa nzuri. Aliamini tumbo kuliko miguu, kwa sababu punda anaweza kuficha kuchechemea lakini hawezi kuficha njaa iliyopotea. Alitazama kinyesi kama mwalimu anavyotazama daftari. Na alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote, aliyoisema hadharani kiasi kwamba watoto wa jirani waliijua kwa moyo: maumivu hayachagui mtu. Punda anayembebea huyu na kumkataa yule hana kidonda, ana kiburi. Mguu unaouma utauma, punda akimbebea bwana au akimbebea bibi.

Mwezi wa tisa, ukame ukiwa umeshika sawasawa, mzee Musyimi alimletea punda jike wa miaka mitatu. Musyimi alikuwa mtu mzima wa sabini na kitu, mzee wa kanisa, na mmoja wa wale wanaokaa mbele ukoo unapogawa mashamba. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita, na mwanawe wa pekee, Kiema, alifanya kazi mjini Athi River. Alivaa koti hata jua likiwa kali, na aliongea kama anayepima kila neno kwenye mizani ya duka.

"Hii punda inakataa maji," alisema. "Kuni inabeba. Mahindi inabeba. Lakini tukifika kwa kisima nikianza kupakia, inazunguka, inaniuma, inalala chini na mitungi. Nimechapa mpaka nimechoka."

"Ilianza lini, mzee?"

"Kama miezi mitano hivi."

"Na kabla ya hapo?"

"Ilikuwa inasimama kama mtu wa kanisa."

Kanyiva alicheka. Musyimi hakucheka, na akaondoka.

Siku zilizofuata Kanyiva alifanya kazi yake kama alivyozoea. Punda alikula vizuri, hata gunia alilolalia alijaribu kulila. Kwato zilikuwa safi. Kanyiva alipitisha kiganja mgongoni kuanzia begani hadi mkiani, akaona alama za fimbo tu, zile za kawaida zinazomwambia mtu mengi kuhusu mwenye punda na machache kuhusu punda. Yeye na Muindi wakapakia mitungi minne ya lita ishirini, kama inavyotakiwa: mmoja kushoto, mwingine kulia, wananyanyua kwa pamoja, wanafunga kwa pamoja. Punda akatembea hadi sokoni na kurudi. Jumamosi jioni Kanyiva akamteremsha mtoni, kwenye visima vya mchangani, katikati ya wanawake wote na kelele zao. Wakasaidiana kupakia. Punda akapanda ukingo wa mto akiwa na maji ya kutosha watu saba mgongoni, masikio mbele, bila neno.

"Sasa huyo anaumwa wapi?" Muindi aliuliza.

"Haumwi. Anamkataa mwenyewe."

"Hata mimi ningemkataa. Yule mzee akikusalimia unahisi umekosea kitu."

Jumapili baada ya ibada, mbele ya lango la kanisa, Kanyiva alitoa neno. Watu sita au saba walisimama karibu, maana neno la Kanyiva lilikuwa habari. "Mzee, nimeangalia kila kitu. Kwangu inabeba, kwa akina mama inabeba. Maumivu hayachagui mtu. Hiyo ni tabia."

Musyimi alivuta koti lake. "Basi Alhamisi Mwangangi aichukue," alisema. "Wacha ikae kwako mpaka siku hiyo."

Alisema kwa haraka mno kwa mtu anayepoteza punda wake wa pekee wakati wa ukame. Kanyiva aliliona hilo, akaliweka kando. Alikuwa na wageni wa chakula cha mchana.

Jumanne asubuhi alikuwa uani akiteka maji kutoka kwenye pipa kwa kata, akiyamimina kwenye mtungi polepole yasimwagike. Punda alikuwa amefungwa kwenye mti wa mkau, hatua kumi hivi, hana chochote mgongoni. Kanyiva alimtupia jicho tu, kisha akaacha kumimina.

Punda alikuwa amepanua miguu. Mbavu zake zilikuwa zimejikunja kuelekea kulia, kiuno kimekaza, shingo imeshuka, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kwa mkono mmoja. Maji yalipokoma, akasimama wima. Kanyiva akamimina tena, na mbavu zikajikunja tena. Alifanya hivyo mara nne, na mara ya nne aliyamwaga chini kabisa, ukame ule, mpaka Muindi akapiga kelele kutoka kwenye baiskeli zake.

"Kanyiva, unanyweshea nini, jua?"

Kanyiva aliiacha kata. Alienda kwa punda, na safari hii hakutumia kiganja. Alikunja ngumi akabonyeza kwa vifundo upande wa kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, ndani kabisa. Kulikuwa na msuli mgumu kama kamba ya katani iliyolowa na kukauka. Punda hakupiga teke. Alitetemeka tu ngozi, akageuza kichwa kumtazama.

Kanyiva alikaa juu ya mtungi. Ilikuwa rahisi kuelewa baada ya kuiona, na hilo ndilo lililomuudhi. Kuna watu wanaofunga mitungi mitupu juu ya punda kwanza, halafu wanateka maji kwa kata na kuijaza hapo hapo mgongoni. Ni upakiaji wa mtu aliye peke yake, asiyeweza kunyanyua. Mtungi wa lita ishirini, kwa kisima kinachotoa maji kidogo kidogo, unachukua robo saa. Anajaza miwili ya kushoto ndipo azunguke kulia. Nusu saa nzima mnyama mchanga amesimama kilo arobaini zikimvuta upande mmoja, ametegemezwa kwa kijiti tu mzigo usipinduke, kila siku, kwa miezi mitano. Siku chache bila upakiaji ule zilikuwa zimelegeza msuli kiasi cha kumdanganya mtu mwenye kiganja kipana na sheria nzuri. Na maumivu yalikuwa yamechagua mtu, yakachagua vizuri sana.

Lakini kwa nini mzee Musyimi ajaze juu ya punda? Kisimani hakukosi wa kukupa mkono. Hata mgeni anasaidiwa.

Jumatano, jua likiwa utosini, saa aliyoambiwa mzee huteka, Kanyiva alimfunga punda mitungi minne mitupu akamteremsha mtoni. Hakuna mtu anayeenda mtoni saa hiyo, mchanga unachoma hata ndani ya viatu. Alimkuta Musyimi peke yake, ameinama kwenye kisima na kata, kando yake mtungi wa lita kumi. Koti lilikuwa limewekwa juu ya jiwe. Ilikuwa mara ya kwanza Kanyiva kumwona bila koti.

Vijana hupeleka maji ya kuuza na hakuna anayewacheka. Mzee wa ukoo ni jambo lingine. Wanaoteka jioni ni wake za watoto wa ndugu zake, na hao wanapoingia kisimani hukunja nguo mapajani na kuvua vitambaa vya kichwa. Baba mkwe hasimami hapo. Ndiyo nthoni, ile haya ya wakwe ambayo Mkamba hunyonya na maziwa, na hata waliookoka miaka arobaini hawajaokoka kwayo. Kwa hiyo tangu mkewe afariki, Musyimi aliteka maji saa ambayo hata mijusi imejificha. Mpaka hapo Kanyiva alielewa.

"Umeleta hiyo hapa kufanya nini?" Musyimi aliuliza. "Kesho si Alhamisi?"

"Nataka nione vile unapakianga, mzee."

"Unajua vile watu hupakia."

"Najua vile watu hupakia. Wewe sijaona."

Musyimi alitazama njia, kama kuna mtu angekuja kumwokoa. Kisha akafungua mtungi mmoja kutoka mgongoni, akaujaza mchangani, akaufunga kifuniko. Alichukua muda. Akaushika kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akanyanyua. Ulifika magotini, ukafika kifuani. Hapo mkono wa kulia ukakoma, kana kwamba kuna aliyeushika. Uso wake ulibadilika, mtungi ukaponyoka, kifuniko kikaruka. Mchanga ulikunywa lita ishirini kabla yeyote hajaongea. Punda hakusogea.

Musyimi alikaa chini, mkono ameukumbatia kama mtoto mchanga.

"Tangu mwezi wa nne," alisema. "Nilikuwa nakata tawi. Kitu kikalia hapa kwa bega."

"Umeenda hospitali?"

"Nikienda, Kiema atajua. Kiema akijua, atakuja na gari, atanibeba Athi River, nikae kwa nyumba ya kupanga nikiangalia ukuta. Hii shamba itafungwa." Aliusugua mkono kwa ule mzima. "Watu wakijua mkono imekufa, watampigia simu siku hiyo hiyo. Kwa huruma."

"Na punda?"

"Ulisema ni tabia. Watu walisikia. Wacha ibaki tabia."

Kanyiva alikasirika, na hasira yake haikujua pa kukaa. Alimkasirikia mzee kwa kumuua punda ili aufiche mkono. Alijikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu ni yeye aliyempa mahali pa kuuficha. Na juu ya hasira yote alimhurumia, mtu mkubwa yule, amekaa mchangani bila koti.

Aliokota kifuniko mchangani. Alifungua mitungi mingine mitatu, akaijaza yote minne, akaipakia mwenyewe, akipeleka mmoja kushoto na mmoja kulia, ule wa kwanza ukishikiliwa na bega lake mpaka wa pili ufungwe. Wakayapeleka maji nyumbani kwa mzee. Halafu akarudi kwake na punda, kwa kuwa Musyimi hakuomba aachiwe.

Usiku Muindi alimuuliza amekuwaje, naye akasema ni kichwa.

Alhamisi soko lilijaa mapema. Mwangangi alikuwa ameegesha lori karibu na wauza nyanya, na nyuma yake kulikuwa tayari na punda wanne. Musyimi alifika na koti lake, akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyekuja kununua kitu kingine. Mwangangi, aliyekuwa mcheshi kama mabroka wote kabla ya bei, aliifuata kamba mkononi mwa Kanyiva.

"Mama, hii ndiyo ile ya tabia? Leta tupakie, jua linakuja."

"Hii haiendi," Kanyiva alisema. "Nilikosea. Inaumwa."

Ilikuwa mara ya kwanza Kalamba kusikia maneno hayo mawili kinywani mwake, nilikosea, na waliosikia walisogea. Mumbua, muuza nyanya wa karibu, aliacha kupanga mafungu.

"Inaumwa wapi?" Mwangangi aliuliza.

"Kiuno."

"Kiuno! Wiki nzima umekaa na yeye, Jumapili ukatuambia ni mzima kama chuma. Sasa kiuno imetoka wapi, Jumatatu?" Watu walicheka. "Ama umepata mnunuzi mwingine? Mama, sema ukweli. Ni nani alimuumiza, na alimuumiza namna gani?"

Kanyiva alifungua mdomo. Jibu lilikuwa hapo, fupi, na lilikuwa la mtu mwingine. Akaufunga. Kwa miaka thelathini hakuna aliyemuuliza swali la punda akakosa jibu, na sasa alisimama katikati ya soko kama mwanafunzi asiyesoma. Minong'ono ilianza. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba wakati wake umepita. Mwangangi alinyoosha mkono akaishika kamba.

"Wachana na yeye."

Musyimi alikuwa amekuja mbele. Alivua koti, akampa Mumbua alishike, bila kumwangalia usoni, kwa sababu Mumbua alikuwa mke wa mtoto wa ndugu yake. Kisha, mbele ya soko zima, aliinua mkono wa kulia. Ulipanda hadi kifuani, ukakoma. Aliujaribu tena, jasho likimtoka, ukakoma pale pale.

"Ni hii," alisema. "Siwezi kunyanyua mtungi. Nimekuwa nikijaza maji juu ya punda, upande mmoja, tangu mwezi wa nne. Punda haina makosa. Huyu mama pia hana makosa, mimi ndiye nilimnyima ukweli."

Hakuna aliyecheka. Mkono ulibaki hewani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama vile mwenyewe amesahau namna ya kuushusha. Mumbua, macho yake yakiwa kwenye nyanya, ndiye aliyeongea.

"Baba, mficha maradhi kifo humuumbua. Ungetuma hata mtoto aseme uache mitungi kwa ukingo. Sisi tungejaza, tungepakia, wewe ungekuja kuchukua tukishaenda."

"Mtampigia Kiema?"

"Nani ana namba ya Kiema?" Mumbua alisema. Alikuwa nayo, na karibu kila mtu pale alikuwa nayo.

Musyimi alivaa koti, upande wa kushoto kwanza. Kanyiva akamkabidhi kamba. Alitaka kumwambia kitu kizuri, akaishia kumwambia asimpakie kitu kwa mwezi mzima na amkande kiuno jioni. Mzee akaitikia kwa kichwa. Aliondoka polepole kupitia katikati ya soko, na punda akamfuata, kamba imelegea.

Mwangangi alikuwa hana kinyongo, biashara ni biashara. Alifunga ubao wa nyuma ya lori, akatia komeo. Kanyiva alikuwa bado amesimama hapo, na kwa kuwa lori lilikuwa mbele ya macho yake, alilitazama. Punda wa mwisho, yule wa kijivu mwenye sikio lililokatwa ncha, alimfahamu. Wiki mbili zilizopita alikuwa amefungwa kwenye mkau ule ule. Aliletwa na mtu wa Matiliku na mkewe. Alimbebea mke mizigo yote, akamkataa mume, na Kanyiva hakuhitaji hata siku tatu kutoa neno.

Alishika ubao. "Huyo wa nyuma," alisema. "Yule mume alikuwa anampakia namna gani?"

Mwangangi alikuwa ameshapanda, mkono mmoja kwenye usukani. Alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Mimi nitajuaje, mama? Si ni wewe ulisema ni tabia?"

Akawasha lori.